Maswali ya Wasomaji: Kusaka Bikoni za Vileleni

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza, Korogwe na Lushoto, na karibu zote zinahusu jambo moja: watu wanaopanda milima siku za mapumziko kutafuta bikoni za upimaji zilizowekwa vileleni. Waliojibu ni wapima ardhi na waongoza wageni wa milimani. Barua ndefu tumezifupisha.

Shikamooni. Mwanangu wa chuo kaja likizo na mchezo mpya. Kila Jumamosi anapanda mlima na wenzake, wanasema wanasaka bikoni. Mimi bikoni ninayoijua ni ile ya kona ya kiwanja changu hapa Mikanjuni. Huko kileleni kiwanja ni cha nani? — Mama wa Mikanjuni, Tanga

Marahaba, mama. Ya kwako inaonyesha mpaka wa mali. Ya kileleni haina mpaka wa mtu. Ni kituo cha kupimia nchi.

Kabla ya setilaiti, mpimaji alipima mstari mmoja tu ardhini kwa uangalifu mkubwa. Kisha alisimama kila ncha ya mstari huo na tiodolaiti, chombo cha kusomea pembe, akakielekezea kilele cha mbali na kusoma pembe. Pembetatu ukiujua upande wake mmoja na pembe zake, pande mbili zilizobaki unazipata kwa hesabu, bila kuzikanyaga. Upande mpya nao unazaa pembetatu nyingine, na hiyo nyingine, mpaka nchi nzima inafunikwa. Sharti lake ni vituo vionane. Ndiyo maana viko juu, penye upepo na mawingu, si barabarani.

Mara nyingi mwanao atakuta boksi la zege usawa wa ardhi au lililoinuka kidogo, katikati lina pini au bomba la chuma. Pengine limezungukwa na rundo la mawe, au kuna mabaki ya miguu minne ya mbao au chuma iliyosimamishwa ili kituo kionekane toka mbali. Uingereza nguzo zao za zege zilianza kujengwa mwaka 1936 kwa umbo lililobuniwa na mpimaji Martin Hotine, zikafika kama 6,500, na leo wapo watu wanaozihesabu moja moja maisha yao yote. Hotine huyo huyo ndiye aliyeongoza idara ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1946 kupima na kuchora makoloni kwa picha za ndege, Tanganyika ikiwemo. Picha ya ndege haijui iko wapi duniani mpaka ifungwe kwenye vituo vya ardhini. Bikoni za vileleni ndizo zilizofanya kazi hiyo.

Mchezo wenyewe umechanganyika na ule uitwao jiokeshingi: mtu anaficha kopo, anatangaza namba za mahali, wenzake wanalisaka kwa GPS. Ulizaliwa Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyaharibu kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Siku moja baadaye kopo la kwanza likafichwa Oregon. Anayesaka bikoni hahitaji kuficha kitu: kilichofichwa kipo tayari, na kilifichwa na mpimaji.

Nilitoa namba za bikoni kwenye ramani ya 1:50,000, nikaziingiza kwenye simu vizuri kabisa. Imenifikisha kwenye shamba la iliki, mwenye shamba ananitazama, na kilele kiko ng'ambo ya korongo, kusini kwangu. Simu ni mbovu au ramani ni mbovu? — Mwanafunzi, Muheza

Hakuna kibovu. Vyote viwili vinasema kweli, ila kila kimoja kinahesabu toka msingi wake.

Msingi huo wapimaji wanauita datamu. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya datamu iitwayo Arc 1960, inayotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Simu inatumia WGS 84, iliyojengwa kwa setilaiti. Vitovu vya hizo dunia mbili havilingani, kwa hiyo namba ile ile inaangukia mahali tofauti. Kwa upande wetu wa Tanga tofauti ni kama hivi: ukiitoa namba Arc 1960 kwenda WGS 84, punguza takriban mita 300 kwenye namba ya kaskazini, ongeza takriban mita 95 kwenye namba ya mashariki. Ukiingiza bila kusahihisha, simu inakupeleka kama mita 315 kaskazini ya bikoni, ikielemea magharibi kidogo. Ndiyo maana kilele ulikiona kusini.

Tufanye mfano kwenye karatasi. Ramani imegawanywa miraba ya kilomita moja, na kila mraba una sentimita 2 kwa 2, kwa hiyo milimita 1 ya rula ni mita 50 za ardhi. Tuseme alama ya pembetatu yenye nukta katikati iko milimita 7 kulia kwa mstari wa 72 na milimita 12 juu ya mstari wa 39. Milimita 7 ni mita 350, milimita 12 ni mita 600. Namba yako ya mashariki ni 472350, ya kaskazini ni 9439600 (tarakimu za mbele, 4 na 94, zimo pembeni ya ramani), kanda ya 37, yaani kipande cha dunia tulichomo katika mpango huu wa namba. Hiyo ni Arc 1960. Kwa ajili ya simu andika 472445 na 9439300.

GPS ya mkononi mara nyingi ina sehemu ya kuchagua datamu. Chagua Arc 1960, ingiza namba za ramani kama zilivyo, kisha irudishe kwenye WGS 84 kabla hujasahau. Wengi husahau hapo, na safari inayofuata wanapotea upande wa pili.

Usituamini kwa maneno. Nenda kwenye makutano ya reli na barabara hapo Muheza, mahali ambapo ramani ya zamani inapaonyesha na bado papo. Soma namba ya simu, soma namba ya ramani, toa moja kwenye nyingine. Ukipata karibu 300 na 95, umeshaipima datamu kwa mikono yako, na masahihisho hayo yatakufaa kwa vilima vyote vya jirani.

Yapo makosa mengine matatu yanayofanana na hili na yanawachanganya watu. La kwanza ni herufi. Kanda yetu ni 37 kusini mwa ikweta, na watu huandika 37S. Baadhi ya programu za simu husoma ile S kama jina la mkanda wa latitudo, mkanda ulio mbali kaskazini mwa ikweta, zikakataa namba au zikakupeleka usikokujua. Mkanda wetu ni M. Ukiona programu inataka herufi, andika 37M.

La pili ni dakika na desimali. Nyuzi 5 na dakika 04.500 kusini si 5.04500. Dakika 4.5 gawanya kwa 60 upate 0.075, kwa hiyo ni 5.07500. Ukikosea hapo umekwenda kando zaidi ya kilomita 3. Na usiache alama ya kutoa mbele ya namba ya kusini: 5 kaskazini, 39 mashariki, ni Ethiopia.

La tatu ni fotokopi. Ramani iliyopigwa picha au kuchapwa upya huvutika au kusinyaa. Pima miraba 10 mfululizo kwa rula: lazima ipate milimita 200. Ikipata 194, kila kipimo chako kigawanye kwa 0.97 kabla ya kukigeuza mita. Hata ramani safi, nusu milimita ya jicho ni mita 25 za ardhi. Ukifika namba inaposema "hapa", anza kutafuta katika duara la mita 50, usikate tamaa kwenye hatua tano.

Karatasi mpya na vipimo vipya vya viwanja vinaweza kuwa vimeandikwa TAREF11. Hiyo inakaribiana na ya simu kwa chini ya mita moja. Usiongeze wala usipunguze kitu. Soma maandishi ya pembeni ya ramani kila mara kabla ya kushika rula.

Nikiwa Raskazone, maji yananigusa miguu, simu imeandika mita 27 chini ya bahari. Nitaiaminije ikiniambia urefu wa mlima? — Kijana wa Raskazone

Simu haipimi kutoka baharini. Inapima kutoka kwenye umbo laini la hesabu, na usawa halisi wa bahari katika pwani yetu uko chini ya umbo hilo kwa mita 25 hadi 30 hivi. Programu nyingine zinasahihisha kimyakimya, nyingine zinakupa namba mbichi. Simama ufukweni bahari ikiwa kati ya kujaa na kupwa, soma, kisha tofauti hiyo iongeze kwenye kila kilele cha jirani. Kwako ongeza 27.

Na hapa Mtanga ana haki ya kujua jambo: urefu wa milima ya Tanzania Bara katika ramani umehesabiwa kutoka usawa wa bahari uliopimwa hapa hapa bandarini Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sifuri ya nchi iko kwenu.

Hata baada ya kusahihisha, kipimo cha kwenda juu hukosea zaidi ya kile cha kwenda kando, mara mbili hivi. Usibishane na ramani kwa mita 5. Ila angalia kipimo cha mistari ya urefu, kwani karatasi za zamani nyingine ni futi. Mlima Mlinga wa Muheza, wenye mita 1,069, ni futi 3,507. Aliyezisoma futi kama mita atadhani anakwenda Meru.

Tulipanda kwa muda wa saa tatu, tukafika juu kabisa, namba zimesahihishwa, na hatukuona kitu. Majani na mawe tu. Tuandike kwamba haipo? — Kikundi cha watu wanne, Korogwe

Msiandike "haipo". Andikeni "hatukuiona". Tofauti ni kubwa, kwa sababu atakayekuja baadaye ataamua kupanda au kutopanda kwa neno lenu.

Anzeni na swali hili: mpimaji angesimama wapi? Si lazima nukta ya juu kabisa. Alitaka mahali anapoona vilele vingi, basi mara nyingi ni ukingo wa mgongo wa mlima, hatua kadhaa kutoka kilele chenyewe. Fikirieni pia miti. Msitu mnaouona leo huenda ulikatwa kituo kilipowekwa ili njia za macho ziwe wazi, ukarudi. Mahali penye miti midogo ya umri mmoja katikati ya miti mikubwa panastahili kutafutwa kwanza.

Kisha tazameni chini. Mawe ya rangi au aina tofauti na ya hapo, yaliyokaa kwa duara hata kama limevunjika, hayakupanda mlima yenyewe. Kokoto na vipande vya zege penye udongo mtupu ni ushahidi. Ondoeni majani makavu kwa mkono wenye glavu, si kwa jembe. Fimbo ya chuma nyembamba ikidungwa taratibu itawaambia: jiwe la asili hulia vibaya na kuteleza, zege bapa hulia sawasawa kila mnapodunga, na mkifuata ukingo mtapata kona. Boksi la zege lina kona, mwamba hauna.

Shimo la mraba lenye zege lililopasuliwa nalo ni jibu. Hapo kilichokuwepo kimechimbuliwa. Miguu ya chuma kutoonekana si ajabu, chuma chakavu kinauzwa. Mnara wa simu ukiwa umejengwa pale pale, tafuteni nje ya uzio kwanza, mwombeni mlinzi, na mkikataliwa muondoke.

Dira msiisome mkiwa mmeegemea bomba la chuma wala uzio wa mnara. Rudini hatua kumi.

Kijijini kwetu ipo bikoni juu ya kilima. Maneno yamesambaa kwamba Mjerumani alizika rupia chini yake. Vijana wamechimba usiku, wakakuta zege la pili chini ya la kwanza, na sasa wanasema huo ndio mfuniko. Nawaambiaje? — Mwenyekiti wa kitongoji, Korogwe vijijini

Waambie wameshafika mwisho. Lile zege la pili si mfuniko, ni bikoni ya akiba.

Wapimaji walijua kwamba alama ya juu itavunjwa na ng'ombe, moto au mtu. Kwa hiyo katika vituo vingi walichimba, wakaweka alama ya kwanza chini, wakafukia udongo, kisha wakajenga ya juu katika mstari wima mmoja na ile ya chini. Ya juu ikiharibika, mpimaji anafukua, anaikuta ya chini, anashusha timazi na kituo kinarudi pale pale kilipokuwa. Mchimbaji asiyejua hilo anakutana na zege lililofichwa, moyo unamruka, anaona hadithi imethibitika. Kitu kilichowekwa kulinda kituo ndicho kinachosababisha kibomolewe, na hili linatuumiza sana.

Waeleze na historia. Waingereza waliichukua Tanga mwaka 1916, na sehemu kubwa ya upimaji uliozaa ramani za 1:50,000 ulifanyika baada ya hapo, chini ya Waingereza na baadaye serikali yetu. Sarafu za dhahabu za rupia 15 zinazotajwa sana zilifuliwa Tabora mwaka huo huo wa 1916. Hakuna mantiki ya kuzipandisha kilima cha Korogwe na kuzijengea alama inayoonekana toka kila upande. Mtu anayeficha mali haweki bendera juu yake.

Kilichokwisha kung'olewa, msikirudishe kwa kukisia. Bikoni iliyopotea haisemi kitu. Iliyosogezwa inasema uongo, na atakayeitumia hatajua. Funikeni shimo lisivunje mguu wa mtu, acheni vipande vyote hapo hapo, pigeni picha, mpelekeeni taarifa mpima wa wilaya kupitia serikali ya kijiji. Sheria ya Upimaji Ardhi inakataza kuharibu au kuhamisha alama hizi, na vijana walijue hilo kabla ya kuchimba ya pili.

Sisi tunataka kuweka kopo letu ili wengine walisake. Tumeona pazuri ni kati ya mawe ya bikoni yenyewe, pana uwazi na halitapotea. Kuna ubaya? — Klabu ya vijana, Chumbageni

Upo, na jibu la juu limeueleza. Mkiweka kitu kwenye mawe ya bikoni mnawafundisha watu kwamba penye bikoni kuna kitu. Atakayekuja bila simu atabomoa. Wekeni angalau mita 20 mbali, mahali penye alama ya asili, mfano mzizi mkubwa au ufa wa mwamba, na msichimbe hata kidogo. Desturi ya mchezo duniani ni makopo kuachana mita 161, na kutofukia.

Kopo liwe la plastiki ngumu, la kuonyesha ndani, la nusu lita mpaka lita moja, mfuniko wa klipu nne wenye mpira. La bati halifai: hewa yetu ya chumvi na ukungu wa Amani vinalimaliza kwa msimu mmoja. Ndani wekeni daftari dogo katika kikopo kingine kidogo, penseli badala ya kalamu ya wino, na kile kipakiti cha kukausha kinachokuja na viatu vipya. Watu huweka mchele mkavu kunyonya unyevu. Mchele huota kuvu na kuita wadudu. Chakula, peremende, sabuni yenye harufu, hapana. Nyani wataung'oa mfuniko, siafu watamalizia.

Nje ya kopo andikeni kwa Kiswahili, kwa rangi isiyofutika: "Huu ni mchezo wa kutembea milimani. Ndani kuna daftari tu. Ukiliona lirudishe mahali pake." Kopo lisilo na maandishi juu ya kilima cha watu linatia hofu, na hofu hiyo ni ya haki. Nakala ya maneno hayo iachwe ofisi ya kijiji.

Nina miaka 52, afya naishukuru. Nikitoka Tanga na basi la alfajiri, nitapanda na kurudi siku moja, kama ule usemi wetu wa waja leo waondoka leo? — Bibie wa Makorora

Inategemea mita za kupanda kuliko kilomita, bibie. Ipo kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 5 zenye kupanda mita 700: saa moja, na saa 1 na dakika 10, jumla saa 2 na dakika 10. Kanuni hiyo ni ya njia iliyo wazi na hewa ya baridi. Kwa joto letu na vichaka, zidisha kwa moja na nusu: saa 3 na robo kupanda. Kushuka weka saa 2. Ongeza saa nzima ya kutafuta bikoni, maana hiyo ndiyo watu husahau.

Ukianza kutembea saa 2 asubuhi utafika juu kabla ya saa 6 na utakuwa chini kabla ya saa 9 alasiri. Panga saa ya kugeuza, tuseme saa 7 mchana, na uitii hata kama kilele unakiona. Kwetu jua likizama giza halichelewi, na ndani ya msitu linaingia mapema zaidi.

Maji lita 3 kwa mtu, chumvi kidogo kwenye chakula, tochi ya kichwa, filimbi, bandeji ya kuvutika, pawabenki. Mikono mirefu na suruali iliyoingizwa kwenye soksi, kwa ajili ya upupu. Vinywele vyake vinavyowasha vikikugusa usijikune wala usijipanguse, utavizamisha. Bandika tepi ya gundi juu ya ngozi, ivute, rudia kwa kipande kipya, kisha osha kwa maji mengi. Nguo usizivae tena kabla ya kufuliwa.

Nyoka wa kumhofia njiani ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Analala pale pale mpaka umkanyage. Usiruke gogo, kanyaga juu yake kwanza utazame upande wa pili. Akimuuma mtu, msichanje wala kufunga kamba ya kukaza. Mtulizeni, mguu ufungwe gango usichezecheze, pete na viatu vitolewe kabla ya kuvimba, mbebeni hospitali.

Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba, na Januari na Februari kwa anayevumilia jua. Masika njia za udongo mwekundu za Usambara zinateleza kama zimepakwa mafuta. Radi nayo haipendi kubahatishwa: ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita moja. Chini ya sekunde 30, teremka kutoka kileleni papo hapo, na usikae karibu na miguu ya chuma ya kituo wala mnara.

Tunahitaji ruhusa ya nani? Mlima si wa Mungu? — Msomaji, Lushoto

Wa Mungu, na una watu wake. Kwenye hifadhi za misitu kama Amani, Nilo na Magamba unapita kwanza ofisi ya hifadhi, unalipa kiingilio, unapewa masharti, na mara nyingi mwongoza njia. Panga usilibebe, litakuletea maswali ya haki. Nje ya hifadhi nenda kwa afisa mtendaji wa kijiji. Mweleze kwa ufupi, muonyeshe ramani, mwambie hamchimbi. Neno "hatuchimbi" litamke lenyewe, kwa sababu ndilo analosubiri kulisikia.

Vilele kadhaa vya Usambaa na Bonde vina mahali pa matambiko. Uliza kabla ya kupanda: "Huko juu kuna mahali pa wazee?" Ukiambiwa pasikanyagwe siku fulani, au pasikanyagwe kabisa, geuza. Mara nyingine mzee atakupa kijana wa kukuongoza na atakuambia uvue viatu kwenye hatua za mwisho. Vua. Kijana mlipe mliyopatana kabla ya kuondoka. Yeye anaijua bikoni kwa jina la kijiji, jina ambalo ramani haina.

Na zile za mpaka wa Kenya, upande wa Horohoro na Jasini? Ni rahisi kuzifikia. — Dereva, Tanga

Ziacheni. Hizo ni alama za mpaka wa nchi, si vituo vya mchezo. Kuzunguka mpakani na GPS na kamera, ukivuka hatua mbili bila kujua, ni mazungumzo marefu na askari wa nchi mbili.

Tukishaiona, tuandike nini? — Mwalimu wa jiografia, Muheza

Mwalimu, picha nne kwanza: ya alama kwa karibu ukiwa umeweka rula pembeni, ya kituo kizima ukiwa hatua tano nyuma, ya njia uliyopandia, na ya kilele jirani unachokiona kwa jina. Maandishi yaliyogongwa kwenye chuma yasomwe kwa kumwagia maji kidogo na kumulika kwa tochi toka pembeni. Usikwangue kwa kisu, usipake chaki wala rangi.

Simu iwekwe kando ya pini, si juu ya kiganja, iachwe dakika 10 ikikusanya wastani. Chini ya anga wazi utapata mita 3 hadi 5. Chini ya miti, 10 au zaidi. Wanafunzi waandike walichokiona tu. Mfano wa kuwasomea darasani:

"Boksi la zege, kona moja imevunjika. Pini ya chuma ipo, imesimama wima. Miguu ya mbao haipo, mashimo yake manne yapo. Namba kwenye chuma haisomeki. WGS 84, 37M, 472446, 9439297, wastani wa dakika 10, mita 4. Jumamosi saa 5 asubuhi, ukungu. Ruhusa: ofisi ya kijiji. Hakuna kilichoguswa."